Mashamba si ya Beijing, si ya Washington

Maandishi ya hotuba tuliyosoma mbele ya vijana na wazazi, Kolwezi, Januari 2026



Tunajua kuna wenye walitembea kwa miguu juu ya pesa ya pikipiki hakuna. Sisi wenye tunasoma karatasi hii tuko katika hali ileile. Tulimaliza iniversite, diploma iko ndani ya bahasha nyumbani, kazi hakuna.

Wakati tulikuwa tunatayarisha mkutano huu, mama mmoja alituuliza: "Batoto, mambo ya China na Amerika inatuangalia nini sisi? Tunatafuta mayi na kazi." Swali lake ni zuri. Jibu letu ni fupi: mama, inatuangalia juu shimo liko hapa kwetu.

Tuanze na hilo shimo. Mashamba Mashariki iko kwa KCC, sosiete ya Glencore ya Uswisi. Mashamba Magharibi, pamoja na Dikuluwe, iko kwa Sicomines, ambamo sosiete za China zina asilimia 68 na Gécamines yetu asilimia 32. Mashamba ni jina moja, lakini wenye kuchimba ni wa pande mbili za dunia, na sisi tunaokaa karibu tunapata vumbi la pande zote mbili.

Sicomines ilitoka wapi? Ilitoka katika mkataba wa Aprili 2008. China ilisema: tupatieni shaba na kobalti, sisi tutawajengea barabara, hospitali na reli. Kwanza walisema dola miliari 9: miliari 6 za majengo na miliari 3 za mgodi. Shirika la Fedha la Kimataifa likakataa, likasema deni litakuwa kubwa mno. Mwaka 2009 majengo yakapunguzwa hadi miliari 3. Angalieni vizuri: tangu siku ile wakubwa wawili walikuwa wanabishana juu ya shimo la Kolwezi, na Kolwezi haikukaa kwenye meza.

Februari 2023, wakaguzi wa fedha wa Leta yetu, IGF, walitoa ripoti. Walisema kwa miaka 15, pesa zilizoingia katika majengo ni dola milioni 822 tu. Ubalozi wa China ukakataa ripoti hiyo. Machi 2024 mkataba ukarekebishwa: sasa ni hadi dola miliari 7 za majengo, milioni 324 kila mwaka mpaka 2040, lakini kufuatana na bei ya shaba. Asilimia 68 na 32 zikabaki vilevile.

Vijana wenzetu, tuelewe China inatafuta nini. Haikufika hapa na bunduki, ilifika na pesa na subira. Mwaka 2016 sosiete ya CMOC ilinunua Tenke Fungurume toka kwa Waamerika wa Freeport-McMoRan kwa dola miliari 2.65. Mwaka 2020 ikanunua Kisanfu toka kwa haohao, kwa milioni 550. Waamerika waliuza wenyewe, hakuna aliyewalazimisha. Leo Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa yake inasafishwa China. Mwenye kusafisha ndiye anaamua nani atapata betri na nani atangoja. Na kobalti haiko kwa magari na telefone peke yake. Iko pia ndani ya mashini za ndege za vita. Ndiyo maana jambo hili si la biashara tu, ni la usalama wa dunia. China inayonunua migodi huku Lualaba ndiyo China iliyofungua kambi yake ya kwanza ya kijeshi nje ya nchi mwaka 2017, huko Djibuti, si mbali na kambi ya Waamerika.

Sasa Amerika imeamka. Inakopesha dola milioni 553 kwa reli ya Lobito, yenye inatoka baharini Angola mpaka mpaka wetu, ili shaba yetu ishuke upande wa Atlantiki. Raisi Biden alifika mwenyewe Lobito Desemba 2024. Lakini ile reli, baada ya vita vya Angola, ilijengwa upya na nani? Ni Wachina. Na upande wa mashariki kuna TAZARA, toka Zambia mpaka Dar es Salaam, yenye China ilijenga tangu 1970 mpaka 1975. Reli mbili, bahari mbili, wakubwa wawili. Mzigo ni mmoja, na unatoka hapa.

Tena, tarehe 4 Desemba 2025, huko Washington, Raisi Tshisekedi na Raisi Kagame walitia sahihi mapatano ya amani. Siku ileile Kongo na Amerika zilitia sahihi ushirikiano wa kimkakati unaohusu madini. Amani tunaitaka kabisa. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu waliona miji yao ikichukuliwa na M23 mwanzoni mwa 2025, na hakuna Mkongomani mwenye anaweza kucheka na jambo hilo. Lakini tunauliza wazi: kama amani ya Kivu inafungwa pamoja na madini, siku bei ya madini itashuka, amani itashuka pia?

Wazee walioko hapa wanaelewa kwa nini tunauliza. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi toka upande wa Angola. Tarehe 19, askari wa miavuli wa Ufaransa waliruka juu ya mji huu. Wabelgiji wakafika, ndege za Amerika zikasaidia kubeba. Mamia ya watu walikufa, weusi na weupe. Na China wakati ule? Ilikuwa upande wa Mobutu, pamoja na Amerika, juu wote wawili walikuwa wanagombana na Moscow. Leo wale marafiki wawili wanagombana wao kwa wao. Urafiki wa wakubwa unabadilika, shimo halihami. Na mbele ya hapo kulikuwa Shinkolobwe, karibu na Likasi: uranium yake ilitumika katika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, mwaka 1945. Watu waliochimba kule hawakuambiwa wanachimba nini.

Kwa hiyo, kijana akituuliza, "Mko upande wa nani, Wachina ao Waamerika?", tunasema swali limewekwa vibaya. Hatukuje hapa kumchukia Mchina mwenye kuuza duka Manika. Naye anatafuta maisha. Hatukuje pia kumpigia Mwamerika makofi. Kati yetu kuna wenye walijifunza Kichina ili wapate kazi ya kutafsiri. Sasa wanaambiana: tujifunze Kiingereza, reli inakuja. Lugha ya kuombea kazi inabadilika, mwenye kuomba ni yuleyule.

Watu wanapenda kusema tembo wawili wakipigana, majani ndiyo yanaumia. Sisi tunakataa kuitwa majani, juu mwaka jana tuliona jambo lingine. Tarehe 22 Februari 2025 Leta yetu ilisimamisha kuuza kobalti inje. Bei ikapanda. Toka tarehe 16 Oktoba ikaweka kipimo: kwa 2026 na 2027, tani 96,600 kila mwaka, si zaidi. Beijing ilisikia, Washington ilisikia. Kumbe nguvu tuko nayo! Shida ni kwamba nguvu ile inatumiwa kule juu, na hakuna mwenye alikuja kutuelezea hapa chini faida itaingia wapi.

Katiba yetu, kifungu cha 58, inasema kila Mkongomani ana haki ya kufurahia utajiri wa nchi. Kifungu cha 56 kinasema mapatano yanayonyima taifa njia zake za kuishi zinazotoka katika mali yake ya asili ni uporaji. Haya si maneno yetu, ni sheria. Kwa hiyo tunaomba mambo manne:

1. Mkataba wa Sicomines pamoja na marekebisho yake yote, na ushirikiano wa Washington, visomwe kwa Kiswahili, mbele ya watu, katika kila mtaa wenye unapakana na mgodi. Karatasi yenye haieleweki na wenye udongo ni karatasi ya siri, hata kama iko kwenye intaneti.

2. Ile milioni 324 ya kila mwaka: orodha ya kazi za Lualaba itangazwe, barabara kwa barabara, shule kwa shule, pamoja na pesa iliyotoka.

3. Sheria ya madini ya 2018 inapatia mitaa na sekta asilimia 15 ya ushuru wa madini, na tena asilimia 0.3 ya mauzo ya kila sosiete kwa maendeleo ya watu wa karibu. Hesabu zibandikwe kwenye ukuta wa biro ya Manika na ya Dilala, kila miezi mitatu.

4. Mkataba wowote wa madini wenye kugusa mambo ya usalama ao majeshi ya inje upite Bungeni, na wadepite wetu wa Lualaba warudi kutueleza mbele ya kupiga kura, si nyuma.

Hatuombi zawadi. Hatutachoma kitu, hatutarusha jiwe. Tutaandika barua, tutaipeleka kwa mkono, na tutakaa mbele ya biro mpaka tupate karatasi yenye kuonyesha kwamba imepokelewa. Juma lijalo tunaanza na hesabu za Manika. Mwenye anajua kusoma hesabu aje, tuko na kazi yake, hata kama haina mshahara.

Na kwa yule mama: mayi yako iko ndani ya hizo karatasi. Ndiyo maana tunataka zisomwe.