Bahasha Mkononi mwa Kiongozi

Kamati imeombwa iseme machache kuhusu uongozi. Mwalimu wa kwaya ametusihi tusichoshe sauti, basi tutasema polepole.

Kiongozi wa kwaya hana mamlaka makubwa. Hamwajiri mtu, hamfuti mtu. Alicho nacho ni vitu vidogo: ada za kila mwezi, ufunguo wa kabati la sare, nauli ya basi, na ile bahasha anayotiliwa mkononi tukimaliza kuimba kwenye harusi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Sura ya Sita, inasema kwamba zawadi anayopewa ofisa wa serikali kwenye shughuli ya umma ni zawadi kwa Jamhuri. Kwaya si serikali, lakini bahasha ile nayo ni ya waimbaji. Mwenyekiti alikuwa tu karibu na mkono wa mtoaji.

Nehemia alikuwa liwali wa Yuda kwa miaka 12, na hakula posho ya liwali. Waliomtangulia walitoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha. Yeye aliiacha kwa sababu watu walikuwa wamelemewa, na bado mezani pake walikula watu 150.

Hatusemi haya kama watu safi. Mwaka tuliochangia sare mpya, mwenzetu mmoja katika kamati alichukua sehemu ya michango kumlipia mtoto wake aliyelazwa hospitalini. (Ametupa ruhusa tuseme.) Alikusudia kurudisha kabla ya mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha. Alipotueleza alilia, nasi tukamhurumia, kisha tukafanya kosa kubwa kuliko lake: tukakubaliana tusiwaambie. Tulisimama hapa tukasema fundi amechelewa. Fundi wa watu hakuwa na habari, na baadhi yenu mlimnunia sokoni. Baada ya miezi minne, mama mmoja wa sauti ya pili, aliyetoa mchango wake kutokana na kuuza mboga, alituuliza kwa upole kitambaa kilinunuliwa bei gani. Hatukuweza kumtazama usoni.

Jumapili iliyofuata tuliwaeleza ukweli. Wengine mlikasirika, na mlikuwa na haki. Wawili waliondoka na hawajarudi; leo tunawakosa. Mwenzetu alilipa kidogo kidogo mpaka shilingi ya mwisho, na bado tunaimba naye. Fundi naye tulimwendea kumwomba radhi. Alitusamehe, ila alitaka pesa zote mkononi kabla ya kukata kitambaa.

Kuna wanaosema dawa ni taratibu: risiti, saini mbili, ukaguzi. Tunazo, na tunazishika. Lakini hata wakati ule saini zilikuwa mbili, na wenye saini zote mbili walikubali kuficha.

Siku hizi mahesabu husomwa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi baada ya mazoezi, hata kama wamebaki watu watano. Daftari liko mezani karibu na mlango, pamoja na ukurasa wa mwaka ule. Karibuni mlifungue kabla ya chakula.