Kwa Nini Gobore Lilikataa: Uhakika wa Silaha katika Njia ya Misafara ya Tabora



Historia ya Unyanyembe, eneo la Tabora, tumezoea kuieleza kwa kuhesabu bunduki: nani alikuwa nazo nyingi, nani alizipata kwanza, nani alimfungia mwenzake njia asizipate. Hesabu hizo zina kazi yake. Mwaka 1888 konseli mkuu wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Lakini bunduki iliyofika Tabora si lazima iwe ililia Tabora. Ninashauri tuzichunguze silaha za njia hii kama fundi anavyochunguza bunduki iliyokataa. Fundi huanza na moto, akaenda kwenye baruti, akatazama mtutu, na mwisho akamtazama mtumiaji.

Nianze na moto. Gobore la gumegume huwashwa na jiwe linalogonga chuma. Cheche huangukia baruti kidogo iliyowekwa kwenye kisahani pembeni mwa mtutu, na moto huo hupenya tundu dogo kuifikia baruti ya ndani. Hatua zote hizo ziko wazi kwa upepo, mvua na vumbi. Jeshi la Uingereza lilipofanya majaribio kule Woolwich mwaka 1834, bunduki za gumegume zilikataa mara 922 katika mipigo 6,000. Za fataki zilikataa mara 36 tu. Hayo ni majaribio ya jeshi, kwa silaha na baruti zilizotunzwa na watu waliofunzwa. Tukilichukua gobore lililokwishatumika Ulaya, likauzwa kwa bei ya chini, likavuka bahari na kubebwa begani hadi bara, hatuna sababu ya kutarajia matokeo mazuri kuliko yale.

Fataki ilitibu tatizo hilo ikaleta jingine. Kifuniko kile kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kwa kugongwa hakikuweza kutengenezwa na mhunzi wa Unyamwezi, hata awe hodari namna gani, na wahunzi wa Unyamwezi walikuwa hodari. Majembe yao yaliuzwa mbali. Jiwe lililochakaa lingeweza kuchongwa upya au kutafutiwa badala. Fataki zikiisha, bunduki ni rungu.

Baruti ndiyo iliyoteseka kuliko kitu kingine safarini. Ilitoka pwani katika vipipa, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora msafara ulikwenda kwa muda wa kama miezi mitatu, na aliyeondoka karibu na masika alikutana na mbuga ya Makata. Msafiri Stanley aliivuka mbuga hiyo mwaka 1871 ikiwa imefurika, watu na mizigo majini. Baruti ni shura, mkaa na kiberiti. Ikinyonya unyevu huungua polepole na kwa udhaifu, au isiungue kabisa. Tena baruti ya biashara ilikuwa ya daraja la chini. Mwenye bunduki anayeona risasi haifiki mbali hushawishika kuongeza kipimo. Siku akishindilia kipimo kile kile kwa baruti kavu, mtutu dhaifu huweza kupasuka usoni mwake. Kwa hiyo tukikuta mtutu uliopasuka tusikimbilie kumlaumu aliyeufua.

Masizi ya baruti nyeusi nayo huvuta maji. Bunduki isiyooshwa baada ya kutumika hushika kutu ndani, na tundu la moto huziba. Mtutu ukijaa masizi, risasi haishuki hata ukisukuma kwa mdeki, ndiyo maana watu walitumia risasi nyembamba kuliko mtutu. Ilishuka upesi, lakini ilipotoka ilikwenda popote.

Sasa tuvitazame kwa jicho hilo vita vya Agosti 1871 kati ya Waarabu wa Tabora na Mirambo, mtemi wa Urambo. Waarabu wa Tabora na washirika wao walikuwa na bunduki nyingi, wakakiteka kijiji cha Zimbizo, na kikosi chao cha Soud bin Sayd kikaingia kijiji cha Wilyankuru. Mirambo hakujibu kwa kushindana nao kwa risasi uwanjani. Aliwangoja njiani wakirudi na nyara, katika majani marefu, akawavamia kwa karibu. Bunduki ya kushindilia hutoa risasi moja, kisha humtaka mwenyewe asimame na kuijaza tena. Katika umbali wa hatua chache, mkuki hauhitaji kujazwa. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdullah, Mwarabu mashuhuri wa mji huo, akauawa. Kwangu mimi Mirambo alikuwa bingwa wa kuyajua mapungufu ya silaha, zikiwemo zake mwenyewe, na sifa hiyo vitabu vyetu vya shule havijampa.

Katika msafara wake Stanley alikuwa na Winchester na Henry za risasi kumi na sita, na papo hapo akawa na magobore 24 ya gumegume. Zile bora zilitumia risasi ya ganda: fataki, baruti na risasi vimefungwa pamoja ndani ya ganda la shaba, unyevu hauingii kwa urahisi. Lakini ganda hilo halikuweza kutengenezwa popote kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kadiri silaha ilivyokuwa bora, ndivyo ilivyozidi kutegemea kiwanda cha mbali.

Hata leo ubora wa silaha una gharama yake. Bastola ya kisasa ya bei kubwa, inayojijaza yenyewe kwa nguvu ya mpigo, sehemu zake mara nyingi hukaa kwa kubanana sana, na kwa sababu hiyo vumbi kidogo au mafuta yaliyoganda huweza kuikwamisha. Fundi mzuri hagusi mtutu kwanza. Hubadilisha magazini, maana springi iliyochoka huchelewa kupandisha risasi. Hubadilisha aina ya risasi. Hutazama mkono wa mpigaji, kwa kuwa mkono uliolegea hunyonya nguvu inayopaswa kurudisha nyuma slaidi ya bastola. Utaratibu huo huo wa kuondoa sababu moja baada ya nyingine ndio ninaoupendekeza kwa mwanahistoria.

Mfano ni Isike, mtemi wa Unyanyembe. Mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892 yalishindwa kuliteka boma lake. Januari 1893, ofisa wa Kijerumani Tom von Prince alipoingia bomani, Isike aliilipua ghala yake ya baruti. Kwa hiyo sababu ya uhaba wa baruti tunaweza kuiondoa: mpaka saa ya mwisho alikuwa nayo. Sababu ya kushindwa kwake tuitafute kwenye kasi ya kujaza, kwenye ukuta wa boma, na kwenye silaha za risasi za ganda walizopewa askari wa Wajerumani.

Na tusisahau mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Ulipiga marufuku kuingiza silaha bora katika ukanda mpana wa Afrika, ukaacha mlango wa kuruhusu gumegume zenye mtutu laini na baruti ya biashara. Walioandika sharti hilo walijua vizuri ni bunduki ipi hukataa.

Ombi langu kwa wahifadhi wa makumbusho, kuanzia wale wa Kwihara, ni kwamba kadi ya kila gobore isiishie kwenye neno "gobore". Iandikwe aina ya mtambo, hali ya tundu la moto, kutu iko wapi, mtutu umepasuka upande gani, kitako kimefungwa kwa ngozi au waya. Kwa walimu: mwanafunzi akisema babu yake ameacha gobore darini, asiligonge wala kulisogeza karibu na moto, kwani huenda bado limeshindiliwa. Silaha hiyo inahusika na Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo polisi waitwe kwanza, na mwanahistoria aombe kuiona baadaye.