Hofu na Tumbo

Ndugu zetu wa vikundi vya Bura,

Mafuriko ya Novemba 2023 yalipofunika mashamba ya kando ya Mto Tana, tuliona mambo mawili majumbani. Mmoja hakuweza kumeza hata tonge. Mwingine, wiki zilivyopita, alitaka chai ya sukari nyingi na mahamri kila saa. Tusimwite wa kwanza mwenye maringo, wala wa pili mlafi.

Tukishtuka, mwili hutoa adrenalini na njaa hukatika. Wasiwasi ukikaa siku nyingi, tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa kotisoli, nayo huamsha hamu ya vitu vitamu na vya mafuta. Sukari hutuliza moyo kidogo tu. Deni la mbegu liko palepale, na wasiwasi hurudi.

Basi tufanyeje? Tule kwa saa zetu, ugali kwa kunde au samaki, hata kama ni kidogo. Na kwenye mkutano, kabla ya kuhesabu michango, tuulizane: "Unakulaje? Unalalaje?" Mwenzetu asipokaa sawa kwa wiki mbili, tumsindikize dispensari. Asiende peke yake.