Madoa Meupe kwa Samaki wa Mapambo: Kwa Nini Tiba Isikome Madoa Yanapotoweka

Hakuna ugonjwa wa samaki wa mapambo unaotambulika upesi kama madoa meupe, na pengine hakuna unaotibiwa vibaya kama huo. Samaki huota vidoa mwilini na kwenye mapezi, vidogo mfano wa chembe za chumvi. Mfugaji hutia dawa. Baada ya siku chache ngozi inatakata, dawa inasimamishwa, kisha madoa yanarudi kwa wingi zaidi na samaki wanakufa mmoja baada ya mwingine. Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba kutoweka kwa madoa si ushahidi wa kupona. Ni hatua ya ugonjwa wenyewe, na ndiyo hatua ambayo tiba inapaswa kukazwa.

Chanzo chake ni kimelea cha seli moja, Ichthyophthirius multifiliis. Doa tunaloliona ni kimelea kilichojichimbia ndani ya ngozi, kikila seli za samaki huku ngozi hiyohiyo ikikikinga na dawa iliyomo majini. Kikishiba hujitoa chenyewe, huzama, hujishikiza kwenye changarawe au jani, hujifunika kwa utando na kugawanyika mpaka kutoa vimelea vichanga mamia kadhaa, wakati mwingine hata elfu moja. Vichanga hivyo huogelea kutafuta samaki, na visipompata ndani ya siku mbili hivi hufa. Dawa zetu za kawaida huviua vikiwa katika safari hiyo fupi. Kwa hiyo anayesimamisha dawa ngozi ilipotakata ameisimamisha saa ileile adui anapotoka mafichoni.

Wapo watakaosema kwamba wametia tetrasaikilini na samaki wakapona. Sina sababu ya kukana walichokiona, bali nakataa maelezo yake. Dawa hiyo hupambana na bakteria, na kimelea hiki si bakteria. Madoa yangedondoka siku hizohizo hata kama mfugaji asingetia kitu, na samaki anayenusurika hujijengea kinga kwa muda. Zaidi ya hayo, antibayotiki inaweza kuua bakteria wema wanaosafisha amonia kwenye chujio, samaki mgonjwa akaongezewa sumu juu ya ugonjwa.

Utambuzi nao unahitaji uangalifu. Samaki wa dhahabu dume anapokaribia kuzaliana huota vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na mapezi ya mbele; huyo haumwi. Kwa upande mwingine, kimelea kinaweza kuanza ndani ya matamvua pasipo doa lolote la nje. Samaki anayejisugua kwenye mawe, anayebana mapezi, anayekataa chakula na kuhemea juu ya maji ashukiwe mapema. Penye hadubini shaka huisha: kimelea kilichokomaa huonekana kikijizungusha polepole, na kiini chake kimepinda kama kiatu cha farasi.

Hapa Ipuli, Tabora, suala la joto lina uzito wa pekee. Samaki wengi wazuri wa mapambo asili yao ni Ziwa Tanganyika, ambako maji ya juu hukaa kati ya nyuzi 24 na 28 hivi mwaka mzima. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hewa hupoa hadi kukaribia nyuzi 15. Tangi lisilo na kipasha joto hupoa pia, kinga ya samaki hudhoofu, na mzunguko wa kimelea ambao kwenye nyuzi 25 humalizika ndani ya wiki moja hurefuka hadi wiki mbili au zaidi. Ratiba ya tiba iliyoandikwa kwa maji ya joto haifai kunakiliwa kwa Julai ya Tabora. Kupandisha joto taratibu hadi nyuzi 30 husaidia sana, lakini maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na matamvua yaliyoliwa hayawezi kustahimili upungufu huo. Pampu ya hewa ifanye kazi muda wote.

Kuhusu dawa, natetea chumvi. Ile ya Uvinza inatosha kwa kazi hii: gramu 2 hadi 3 kwa kila lita, yaani gramu 200 hadi 300 kwa tangi la lita 100, iyeyushwe kwanza na kutiwa kidogokidogo kwa siku nzima. Ikiwa na madini joto haina neno, kwa kuwa kiasi chake ni kidogo mno. Pingamizi la kwamba chumvi huwaumiza samaki wa maji baridi lina ukweli kwa mimea na kwa samaki wasio na magamba kama kambale, ambao waangaliwe kwa karibu. Wengi wa wengine hukivumilia kiwango hiki. Tiba iendelee angalau wiki moja baada ya doa la mwisho, na changarawe inyonywe kwa mpira kila siku mbili ili kuondoa vimelea vilivyojishikiza. Rangi ya malakaiti ina nguvu zaidi, lakini ni sumu, na nchi nyingi zimeizuia kwa samaki wa kuliwa.

Jambo hilo la samaki wa kuliwa linanisumbua kuliko yote. Kimelea hiki hakichagui samaki wa urembo. Perege wa bwawani humpata vilevile, na bwawa halitibiki kwa chumvi ya mfukoni. Kwa hiyo samaki mpya atengwe wiki mbili, tatu wakati wa baridi, akiwa na wavu na ndoo yake peke yake. Maji ya tangi lenye ugonjwa yamwagwe kwenye udongo mkavu unaopigwa jua, mbali na mfereji wowote unaoelekea kwenye mabwawa ya samaki au bwawa la Igombe.