MPIGA PICHA NA CHOMBO CHAKE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kupiga picha. Wengine kati yenu mwaiona ni kazi ya starehe, na wengine mwataka kuianza ili muongeze mshahara. Kwa wote nasema: ni kazi kama useremala. Ina vyombo vyake, ina hesabu yake, na ina woga wake.

Nianze na woga. Kijana huja kwangu akasema, "Mzee, siwezi kujiita mpiga picha, maana kamera yangu ni ndogo." Kisha hukopa pesa kwa simu, akanunua kamera kubwa, na mwezi wa pili kamera imeuzwa ili kulipa deni. Ndugu, ushujaa hauuzwi dukani. Marehemu Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianza utotoni na Box Brownie, kamera ya sanduku isiyo na mambo mengi. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliamsha dunia. Mwaka 1991 mlipuko wa Addis Ababa ulimwondolea mkono mmoja, naye akarudi kazini na mkono wa bandia.

Woga huondoka kwa mazoezi. Nenda sokoni, mwombe ruhusa mama muuza mboga, umpige picha asubuhi, saa sita na jioni. Utaona kwamba jua la utosini hutia giza machoni, na la jioni huufungua uso. Tena ujue hili: mbele ya ukuta mweupe au nguo ya arusi, kamera hudanganyika ikapunguza mwanga, na uso wa bibi arusi ukatoka mweusi kama sufuria. Pima mwanga wa uso, usipime wa nguo. Mtu ajuaye hayo hatetemeki mbele ya mteja.

Sasa vyombo. Kwanza, fikiri lenzi kabla ya kamera. Kamera hupitwa na wakati upesi, lakini lenzi njema hudumu miaka mingi. Lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8 haina bei kubwa kama nyingine, nayo huona vizuri ndani ya kanisa au ukumbi wenye mwanga hafifu.

Pili, ukinunua kamera ya mitumba usitazame kung'aa kwake. Imulike lenzi kwa taa uone kama ina kuvu, mfano wa utando wa buibui, hasa ikiwa imekaa pwani penye unyevu. Funga lenzi hadi f/16, piga picha ya ukuta mweupe, na uchafu wote wa ndani utaonekana kwa madoa.

Tatu, uwe na betri mbili na kadi mbili. Mimi nilipiga arusi nzima kwa kadi moja, nayo ikafa. Pesa za watu nilirudisha zote, lakini siku yao sikuweza kuirudisha.

Nne, fanya hesabu. Tuseme kamera ni shilingi 60,000 nayo itakufanyia kazi 100. Basi kila kazi inadaiwa shilingi 600, kabla ya nauli na chakula chako. Ukikubali kazi kwa shilingi 500, wewe ndiwe unayemlipa mteja ili umpige picha.

Jambo la mwisho ni hati. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kwamba kazi uliyoagizwa au kuajiriwa kuifanya, haki yake huenda kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama mmepatana vingine. Kwa hiyo andika mapatano kabla hujafungua mfuko wa kamera: bei, pesa za kwanza, na picha zitatumiwa wapi.

Ndugu zangu, siku hizi kila mtu ana simu ya kupiga picha, na mkate wetu umepungua. Tukiendelea kupunguziana bei katika uwanja mmoja, tutaumaliza kabisa. Wapiga picha wa mahali pamoja na waketi, wapatane bei ya chini, wasiivunje. Mtu mmoja akikataa malipo mabaya ataitwa mwenye kiburi. Tukikataa sote, hiyo ndiyo bei.