Kuona Gizani si Kutambua: Darubini ya Usiku na Usalama wa Mipakani

(Mazungumzo ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii mbele ya wawakilishi wa vijiji vya mipakani, Nakasero, Kampala)

Nawashukuru mliotoka Busia na Mutukula, mliotoka Mpondwe na Bunagana, nanyi mlioshuka kutoka Moroto kwa safari ya kutwa nzima ili tukutane katika kilima hiki.

Kati ya maswali mliyotuletea kwa maandishi, moja lilijirudia kutoka pande zote za mpaka. Linasema hivi: tunaibiwa mifugo usiku, tumesikia kwamba mjini zinauzwa darubini za bunduki zinazoona gizani, tena kwa bei nafuu, je, tununue, na tukinunua tuzitumieje?

Swali hili halistahili kudharauliwa. Anayeliuliza ni mtu aliyekesha akisikiliza kengele za ng'ombe wake. Watu wa Mpondwe wanaukumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji walipoivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha. Watu wa Karamoja wanajua kwa nini operesheni iliyoanzishwa Julai 2021 ilipewa jina la Usalama kwa Wote. Kwa hiyo sitawaambia kwamba jambo hili haliwahusu, mrudi mkalale. Nitakieleza chombo chenyewe, kinachoweza na kisichoweza, kisha kila mmoja apime.

Nianze na tuliyoyaona jana usiku. Tuliwaomba wenzenu sita wasimame kwenye ukingo wa bustani, taa zikazimwa, wakapewa darubini ya usiku ya kushika mkononi, ya aina ile ya bei nafuu. Hatua mia moja kutoka kwao alisimama mtu mmoja akiwa na kitu mkononi. Tuliwauliza wameona nini. Watatu walisema mtu mwenye bunduki. Wawili walisema mtu mwenye jembe. Mmoja alisema ameona mtu, lakini alichoshika hakijui. Taa zilipowashwa, tulimkuta mzee aliyesafiri nao katika basi moja, ameshika mwavuli wake uliokunjwa. Yule aliyesema hajui ndiye aliyeona vizuri kuliko wote.

Ndugu zangu, hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote ni maelezo yake. Chombo cha bei nafuu kinakuonyesha kwamba kuna kitu gizani. Hakikwambii ni nani. Na risasi haiombi msamaha kwa mtu asiyehusika.

Chombo hiki kina historia yake. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajerumani na Wamarekani walifunga juu ya bunduki zao vyombo vilivyotumia miale ya infraredi, yaani mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Mwaka 1945 Wamarekani walivitumia katika mapigano ya Okinawa, na askari alilazimika kubeba betri nzito mgongoni. Leo kazi hiyo hufanywa na kifaa kinachoingia mfukoni, na ziko aina tatu kuu.

Ya kwanza ni ya neli ya kukuza mwanga, ambayo hukusanya mwanga hafifu wa nyota na mwezi na kuuzidisha. Zilizo bora ni ghali sana, na Marekani hudhibiti kwa sheria uuzaji wake nje ya nchi. Ukikutana na ya bei rahisi, mara nyingi ni ya kizazi cha kwanza, yenye picha hafifu na inayoweza kuharibika ikielekezwa kwenye mwanga mkali. Ya pili ni ya joto, ambayo huonyesha tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira. Hiyo hugundua kiumbe kutoka mbali, hata aliyejificha nyuma ya majani machache, lakini haionyeshi sura. Na kupitia kioo cha dirisha haioni kitu. Ya tatu ni ya dijitali, ambayo hufanya kazi kama kamera ya simu, ikisaidiwa na taa yake ya infraredi. Hii ndiyo nafuu, na ndiyo wengi wenu mtakayouziwa.

Sasa sikilizeni namna ya kulisoma tangazo la muuzaji. Likisema chombo kinaona mita mia nne, uliza: kinaona nini? Mwaka 1958, Mmarekani John Johnson, mtafiti wa jeshi la nchi yake, alieleza viwango vinavyotumika hata leo. Kugundua kwamba kipo kitu ni kiwango cha chini. Kujua kama kitu hicho ni mtu au mnyama kunahitaji picha yenye uwazi mara nne zaidi. Kutambua undani wake kunahitaji zaidi ya mara sita. Kwa hesabu hiyo, mita 400 za tangazo zinakuwa kama mita 100 za kutofautisha mtu na ndama, na kama mita 60 za kupambanua undani. Na viwango hivyo ni vya kufaulu nusu tu ya mara zote! Mara nyingine, mtazamaji hukosea au hajui. Nani kati yetu atakubali mwanawe apite mbele ya bunduki kwa kubahatisha namna hiyo?

Yako mengine ambayo muuzaji hataji. Katika picha ya infraredi rangi hupotea, na nguo iliyotiwa rangi nyeusi huweza kuonekana nyeupe. Sare ya askari, sare ya mwanafunzi na shuka la mchungaji havitofautishwi kwa rangi. Ukungu, vumbi, mvua na majani yaliyo karibu huurudisha mwanga wa chombo machoni pako, ukaona ukuta mweupe. Umbali hupotoka. Na jicho lililotazama skrini hupoteza uzoefu wake wa giza, na kuurudisha kikamilifu kwaweza kuchukua nusu saa. Mlinzi anayeondoa chombo usoni huwa kipofu kwa muda, na huo ndio wakati mwizi anaoungojea.

Kwa wale wenye sababu ya kununua, ushauri wangu ni huu. Nunueni darubini ya kushika mkononi, msinunue ya kufunga juu ya bunduki. Sababu ni nyepesi: atazamaye kwa darubini ya bunduki huelekeza mtutu kwa kila anachokitazama, awe ng'ombe, jirani au mke wake anayerudi kisimani. Kanuni ya msingi ya silaha ni kutoelekeza mtutu kwa kitu usichokusudia kukipiga. Basi utawezaje kutafuta usichokijua kwa mtutu?

Msikijaribu dukani. Duka lina mwanga, na hata usiku mji huu una taa kila upande; chombo kibovu huonekana kizuri. Ombeni kukijaribu mahali penye giza halisi, mkamtazame mtu mnayemjua katika hatua hamsini, kisha mia, mkaone ni wapi sura inapotea. Umbali huo ndio kipimo chenu, si ule ulioandikwa kwenye boksi. Ulizeni betri hudumu saa ngapi taa ya infraredi ikiwa imewashwa, kwa kuwa taa hiyo ndiyo inayoila. Angalieni alama ya kinga: IP67 maana yake vumbi haliingii, na chombo huweza kustahimili kuzama katika maji ya mita moja kwa nusu saa. Asiyeangalia hayo atajua maana ya rahisi ghali katika mvua ya kwanza.

Na taa hiyo ina hatari ambayo mtu wa mpakani lazima aijue. Nyingi hutumia mwanga wa nanomita 850. Wewe huuoni, pengine nukta hafifu nyekundu kwenye kioo tu. Lakini askari wa doria mwenye chombo chake, wa upande huu au wa upande wa pili, anauona kama kurunzi iliyowashwa. Kwake yeye, hapo kuna mtu aliyejificha anayewamulika askari usiku. Hatajua kwamba ni mchungaji aliyepoteza mbuzi. Kwa hiyo, kijiji kinachotaka kutumia vyombo hivi kiwaarifu kwanza kwa maandishi polisi na jeshi walio karibu, kitaje nani atakitumia, wapi na saa ngapi. Ulizeni pia masharti ya kuviingiza nchini kabla ya kutoa fedha, si baada. Na mkumbuke kwamba kibali cha upande mmoja wa mpaka si kibali cha upande wa pili.

Nije kwenye sheria. Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ya mwaka 1970 haimruhusu mtu kumiliki bunduki bila cheti. Darubini haihalalishi bunduki iliyofichwa darini. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za ukanda wetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo na nyepesi, kwa kuwa bunduki isiyo halali haijui mpaka: leo inalinda zizi hapa, kesho inavunja zizi ng'ambo. Mlinzi wa kampuni naye akumbuke kwamba bunduki aliyopewa si yake, na haifai kuifunga chombo chochote bila idhini ya mwajiri wake na ya polisi. Mwenye cheti halali akiruhusiwa kufunga darubini, aisawazishe shabaha uwanjani kwa usimamizi, mchana, na aihakiki kila inapogongwa. Asiweke jicho karibu na lenzi kuliko kipimo cha mtengenezaji, maana mshtuko wa bunduki huweza kumpasua uso. Na asifyatue risasi kwa sababu ya picha ya skrini pekee.

Najua wako watakaosema: tembo na kiboko wanatumalizia mazao. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza uwindaji usio na kibali, na sheria hiyo hiyo iliweka mpango wa fidia kwa madhara ya baadhi ya wanyama. Waiteni askari wa wanyamapori, andikeni hasara mapema, pigeni picha za nyayo na shamba. Hapo darubini ya mkononi ina kazi njema, kwa kuwa inawaambia tembo yuko wapi kabla mtoto hajatoka nje.

Basi mlinzi aonaye umbo gizani afanye nini? Abaki alipo. Aamshe mwenzake, naye atazame bila kuambiwa mwenzake ameona nini. Wapige simu 999 au 112, au wamwite mwenyekiti wa kijiji. Waseme walichokiona, si walichokidhania: waseme "watu watatu na ng'ombe, wanaelekea mtoni", wasiseme "wezi". Wahesabu, waandike saa na upande. Taarifa ya namna hiyo ikifika mapema huiwezesha doria kufunga njia mbele, na wenzetu wa ng'ambo kungoja kwenye kivuko. Ng'ombe aliyeibwa aweza kufuatwa kwa nyayo na alama yake. Mtu aliyeuawa kwa makosa hafuatwi popote.

Waheshimiwa, mpaka wetu usiku una watu wengi ambao si wezi. Yuko mama mwenye uchungu anayekimbizwa hospitali iliyo karibu ng'ambo. Wako wakimbizi wanaookoa roho. Yuko kijana aliyechelewa sokoni. Yuko mzee mwenye mwavuli. Wote hao, katika kioo cha bei nafuu, ni umbo moja la kijivu linalotembea.

Mkirudi nyumbani, wakiwauliza polisi wa Nakasero walisema nini kuhusu darubini, wajibuni: walisema tuitumie kutazama na kutoa taarifa, na palipo na shaka, tuseme hatujui. Mungu awalinde njiani.