Piga Picha ya Kile Kisichoangaliwa
Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Tumezoea kuona picha ambazo wanavikundi huleta wakitoka safari ya Nairobi. Karibu zote ni zile zile: watu wamesimama mstari mmoja mbele ya KICC, jumba la orofa 28 lililomalizika mwaka wa 1973. Si vibaya. Jumba ni zuri, na mama aliyetoka mbali ana haki ya kuonyesha watoto kwamba alifika. Lakini hebu tuulizane, siku ile mlipita wapi? Mlishukia kwenye steji, mkavuka barabara kwa daraja la miguu, mkaruka mtaro, mkanunua maji kwa kioski, mkatafuta choo cha kulipia. Hayo yote pia ni majengo ya mji. Kuna mafundi waliyajenga na kuna siku yataondolewa. Picha zake ziko kwa nani? KICC haitupungukii sisi, ina picha elfu na elfu. Mtaro hauna mtu.

Jambo hili si geni duniani. Kule Ufaransa, kuanzia mwaka wa 1853, mkuu wa serikali mjini Paris aitwaye Haussmann alipewa kazi ya kuutengeneza mji upya. Alibomoa mitaa ya zamani, akapitisha barabara pana na mitaro ya chini kwa chini. Halmashauri ya mji ikamtumia mpiga picha, Charles Marville, aliyekuwa mpiga picha rasmi wa mji tangu 1862. Akapiga picha zaidi ya 400 za mitaa iliyokuwa ikingoja kubomolewa. Kamera ya siku zile ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, na ndani yake kioo kilichopakwa dawa. Ilichukua muda kushika picha, kwa hivyo mtu aliyetembea hakuonekana, au alitokea kama moshi. Ndiyo sababu mitaa ile inaonekana mitupu ingawa ilijaa watu. Kilichobaki ni mawe yaliyolowa, mfereji wa maji machafu katikati ya njia, na matangazo ukutani. Marville alipiga hata nguzo za taa, na vile vyoo vya mkojo vya wanaume vilivyowekwa kando ya barabara. Msicheke! Mwaka wa 1871 ofisi kuu ya mji huo iliungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na makaratasi mengi yakateketea pamoja na rejista za wazaliwa. Picha za Marville zipo hadi leo, na anayetaka kujua mtaa fulani ulikuwaje huzitazama hizo.

Lakini hapa tuna neno. Aliyelipia picha zile ndiye aliyekuwa akibomoa. Wapangaji waliosukumwa hadi pembezoni mwa mji hawakushika kamera. Kwa hivyo si picha tu, ni nani anayeipiga.

Sasa twende Ujerumani. Mwaka wa 1959 Bernd na Hilla Becher, ambao baadaye walioana, walianza kupiga picha za vitu ambavyo hakuna aliyeviona kuwa na uzuri: minara ya maji, matangi ya gesi, mitambo ya kuteremsha watu migodini. Waliendelea miaka mingi. Walingoja siku ya mawingu ili kivuli kisifiche kitu, wakasimama mahali pa juu kidogo, wakaweka mnara katikati, bila watu. Mnara wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Kisha walipanga picha kwa safu, tisa, kumi na tano. Ukitazama mnara mmoja unaona tangi. Ukitazama tisa pamoja unaanza kuona kwamba kila fundi alikuwa na akili yake. (Mwaka wa 1990, kule Venice, walipewa tuzo ya wachonga sanamu, na hawakuwahi kuchonga hata kijiko.)

Si mambo ya kupamba ukuta tu. Mjini Dortmund kulikuwa na mgodi wa makaa uitwao Zollern, wenye nyumba ya mitambo ya chuma na vioo vya rangi. Mgodi ulifungwa na nyumba ikapangiwa kubomolewa. Watu walipinga, wakina Becher wakiwa miongoni mwao, na mwishoni mwa 1969 serikali ikaihifadhi. Leo ni makumbusho.

Hapa kwetu mifano haikosi. Kipande House, Nairobi, lilijengwa mwaka wa 1913. Ndipo Waafrika walipoandikishwa na kupewa kile kipande ambacho wazee wetu walivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Leo ni benki, na wengi huingia kuweka pesa bila kuinua macho. Jengo hilo angalau lina jina. Barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilifunguliwa mwaka wa 2022. Mugumo mmoja uliokuwa njiani uliokolewa mwaka wa 2020 kwa amri ya rais, kwa kuwa watu walipiga kelele. Na steji, je? Vibanda? Mitaro ya zamani ya mawe?

Tena kuna habari ya ardhi. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilitoa ripoti mwaka wa 2004, ikaonyesha jinsi viwanja vya umma, vikiwemo vya shule na hospitali, vilivyogawiwa watu binafsi. Kiwanja hunyakuliwa kwa urahisi kikisemwa kuwa ni kitupu. Picha si hati ya kumiliki, tusidanganyane. Lakini picha yenye tarehe, pamoja na majirani wa kushuhudia, inaonyesha kwamba mahali hapa palikuwa na choo cha soko, na akina mama walipanga foleni.

Basi mkienda mjini, au hata kwenye soko la tarafa yenu, fanyeni hivi. Simu ya mkononi inatosha. Nenda asubuhi au siku ya mawingu. Piga kitu kizima kwanza, halafu ukaribie uone nyufa, bomba na jina la fundi kama limeandikwa kwenye saruji. Weka jerikani kando yake ili ukubwa ujulikane. Rudi kila mwaka usimame pale pale. Mwenye kibanda aombwe ruhusa kwa heshima, maana wengi hudhani ni watu wa kubomoa wamekuja. Kambi za jeshi na mahali penye ilani ya kukataza picha, pita. Usibishane na askari.

Halafu zichapishwe. Simu huibiwa, huanguka ndani ya choo. Nyuma ya kila picha andikeni kwa kalamu: mahali, tarehe, kitu chenyewe, aliyekijenga kama anajulikana, wanaokitumia. Bahasha moja ikae kwa katibu. Ya pili iwekwe mbali na nyumba yake, kwa mwanakikundi wa kijiji kingine, kwa maana nyumba huungua.